Wapangaji Wasiojuana

Ufundi wa kuiandaa kompyuta moja iweze kuwashwa kwa mifumo endeshi miwili au zaidi, kila mmoja kwa zamu yake, haujapata wasifu wengi, pengine kwa sababu matunda yake huonekana kwa sekunde chache tu, kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe, kabla ya picha za rangi kutokea. Mfumo endeshi, kwa mfano Windows au Linux, ni programu mama inayosimamia maunzi yote ya kompyuta, na kwa kawaida huundwa kana kwamba nyumba nzima ni yake peke yake. Hivyo anayetaka kuipangisha mifumo miwili katika diski moja hana budi kuwa dalali na msuluhishi kwa pamoja, tena wa wapangaji ambao hawatakutana kamwe, kwa kuwa mmoja akiwa macho mwenzake amelala fofofo.

Katika kompyuta za jamii ya IBM PC, mapatano ya upangaji huo yaliwekewa msingi mwaka 1983, pale toleo la pili la DOS lilipotoka pamoja na modeli ya XT, iliyokuwa na diski kuu ya megabaiti 10. Sekta ya kwanza ya diski, ambayo ina baiti 512, iligawanywa kwa ubahili mkubwa: baiti 446 zikaachiwa programu ya kuwashia, 64 zikawa daftari la mipaka ya sehemu za diski, na mbili za mwisho zikawa muhuri wa kuthibitisha kwamba sekta hiyo inafaa kuwashia kompyuta. Kila sehemu huandikwa katika daftari hilo kwa baiti 16, ndiyo maana sehemu kuu hazikuweza kuzidi nne. Baiti 446 hazitoshi hata kuhifadhi herufi za aya hii, na bado ndani yake mafundi walilazimika kuweka maagizo ya kuamsha mfumo mzima.

LILO, programu ya kuwashia iliyoandikwa na Werner Almesberger na kutumiwa sana na watu wa Linux katika miaka ya 1990, ilikabiliana na ufinyu huo kwa kukariri anwani: haikuelewa mafaili, bali ilihifadhi orodha ya mahali hasa kwenye diski palipowekwa kiini cha Linux, na fundi aliyebadilisha kiini akasahau kuiendesha upya alikuta kompyuta haiwaki. Ilipokuwa ikifanya kazi iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja kadiri ilivyopiga hatua, kwa hiyo mahali ilipokwama palikuwa na maana. Herufi LI peke yake zilimwambia fundi kwamba hatua ya pili ya programu imepakiwa lakini imeshindwa kuendeshwa. Ni vigumu kutostaajabia programu iliyojua kueleza ugonjwa wake kwa herufi mbili.

GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilichukua njia nyingine, yaani ilifundishwa kusoma mafaili yenyewe, na kwa kuwa elimu hiyo haiwezi kuenea katika baiti 446, sehemu yake ilihamishiwa kwenye kiwanja kitupu kilicho nyuma ya sekta ya kwanza. Desturi ya zamani ya kuanzisha sehemu ya kwanza ya diski kwenye sekta ya 63 iliacha sekta 62 zisizo na mwenyewe, sawa na baiti 31,744, na kama ilivyo kwa kiwanja chochote kisicho na hati, wavamizi hawakukosekana: baadhi ya programu za kibiashara zilificha humo taarifa za leseni zao, zikaifuta GRUB bila kubisha hodi. Kwa sadfa ya kupendeza, 31,744 ndiyo pia anwani ya kumbukumbu ambapo kompyuta hizo hupakia sekta ya kuwashia, na hapo ndipo ulipo ujanja mzuri kuliko yote. Mtumiaji akichagua Windows katika menyu, GRUB huichukua sekta ya kwanza ya sehemu ya Windows, huiweka kwenye anwani ileile, kisha huipisha. Windows huamka ikidhani imeamshwa na kompyuta yenyewe.

Utaratibu mpya zaidi wa kuwashia kompyuta, UEFI, pamoja na daftari la GPT ambalo kwa kawaida lina nafasi ya sehemu 128, umeondoa sehemu kubwa ya dhiki hizo, kwani kila mfumo sasa huweka faili lake la kuwashia katika folda yake. Kazi imekuwa rahisi, na utamu wake umepungua kidogo.

Kilichobaki ni adabu ya fundi. Huhifadhi nakala ya data kabla ya kugusa chochote. Huipunguza sehemu ya Windows kwa zana za Windows yenyewe, ambayo inajua mafaili yake yapi hayahamishiki. Na husakinisha Windows kwanza, Linux baadaye, maana Windows ikija ya mwisho huelekea kujiweka mbele bila kumtaja aliyetangulia.

Hata hapo ugomvi mmoja huchelewa kujitokeza, nao ni wa saa. Linux huichukulia saa ya maunzi kuwa inafuata wakati wa dunia, UTC, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali ilipo, na kwa kuwa Afrika Mashariki imetangulia UTC kwa saa tatu, aliyefanya kazi kwenye Linux hadi saa kumi alasiri akahamia Windows huambiwa kwamba ni saa saba mchana. Hapa ukanda huu una nafuu, kwani hausogezi saa kwa msimu na tofauti hubaki tatu mwaka mzima. Fundi makini huielekeza Windows isome UTC kwa kuongeza thamani moja katika rejista ya mipangilio yake, kisha huiwasha kompyuta mara mbili, kila mara kwa mfumo wake, huku akitazama saa ya mkononi.