Mkonga wa Kanda ya Ziwa: Mzigo Upimwe Kabla ya Springi

Ukitoka Mwanza kupitia Magu na Lamadi, lami inakufikisha hadi jirani na lango la Ndabaka. Ukishaingia Serengeti kuelekea Kirawira na mto Grumeti, unakutana na udongo mweusi wa mbuga: masika unateleza na kunata, kiangazi unakauka na kuacha mifereji mirefu ya magurudumu. Wenye Land Cruiser mkonga wanaopita huko hutaka springi bora, na wengi huanza kwa kuliinua gari. Nasema kazi hiyo ianzie kwenye mizani.

Tuangalie Toyota wenyewe walivyofanya. Mkonga wa kazi nzito wa mfululizo wa 70 ulitoka mwaka 1984 ukiwa na springi za mabapa mbele na nyuma. Mabapa hubeba uzito na papo hapo huishika ekseli isihame. Yakiingia tope na kutu husuguana na kukaza, gari likaanza kurukaruka hata kwenye shimo dogo. Mwaka 1999 mbele ziliwekwa springi za koili. Kazi ya kuishika ekseli ikahamia kwenye mikono miwili ya chuma na fimbo iliyokingama, koili ikabaki na kubeba tu, hivyo ikaweza kuwa laini. Nyuma, kunakokaa mzigo, mabapa yalibaki ila yakarefushwa. Anayenunua mkonga uliotumika ahesabu nati za gurudumu: sita ni wa kabla ya badiliko hilo, tano ni wa baada yake.

Ulaini huo una kazi kubwa kuliko starehe ya abiria. Difu ya kawaida huzungusha zaidi gurudumu lisilo na upinzani. Springi ikiwa ngumu mno, gurudumu moja huning'inia juu ya mfereji na kuzunguka bure, gari likakwama. Springi inayojikunja na kujinyoosha vya kutosha huyaweka magurudumu yote chini. Kuinua gari kwa springi hakupandishi difu hata kidogo, kwani difu imo ndani ya ekseli. Kinachoipandisha ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi.

Sasa hesabu ya mzigo. Abiria 7 wa kilo 75 ni kilo 525. Dizeli lita 180 ni kama kilo 150. Ongeza lita 50 za maji, umeshafika kilo 725 kabla ya friji, mabegi na tairi la akiba la pili. Gari linalobeba hivyo kila siku linahitaji mabapa ya nyuma yenye nguvu zaidi. Linalotembea tupu siku nyingi likifungwa mabapa hayohayo, litarusha mkia kwenye changarawe. Kila ekseli ipimwe peke yake, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, ndipo springi ziagizwe.

Shokapu zifuate springi. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Kwenye barabara yenye mawimbi madogo mafuta yake huchemka na kutoa povu, na shokapu ikapoteza nguvu. Zenye gesi ya naitrojeni huchelewesha povu hilo. Urefu wake nao ulingane na springi mpya, la sivyo shokapu ndiyo itakayofika mwisho kwanza na kung'oka.

Ukiinua mbele kwa milimita 50, ekseli hujipinda kidogo kwenye mikono yake na usukani huanza kutangatanga kwenye lami. Fundi makini hurekebisha kwa bushi maalumu, kisha hukagua urefu wa mipira ya breki. Baada ya kilomita 500 za kwanza, yu-bolti zikazwe tena, maana mabapa mapya hujikalisha.

Mwenye fedha za kazi moja tu abadili bushi zilizochakaa na shokapu zilizokufa. Gari litashika ardhi vizuri zaidi kuliko lililoinuliwa juu ya shokapu mbovu, na dereva atalimudu hata likiwa limejaa watu.