Masafa ya Mcheza Bao: Kutoka Msambweni hadi Lamu

Katika alama zinazomtambulisha mpenzi wa kweli wa mchezo, hakuna iliyo wazi kuliko masafa anayokubali kuyakata ili akutane na mpinzani asiyemjua; na kwa kuwa pwani yetu ya kusini, tangu Tiwi na Diani hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga, ina vita vyake vya ubaoni vinavyopiganwa barazani kila alasiri baada ya sala ya l'asiri, nimeona inafaa kuichambua safari ya mcheza bao anayetoka huku kwetu Kwale kwenda mashindanoni Lamu, nieleze jinsi inavyopangwa, inavyogharimiwa, na ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu aone kuwa karibu kilomita 400 za njia si nyingi kwa ajili ya mashimo 32 na kete 64.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1968, Gary Gygax aliwakusanya wapenzi wa michezo ya vita ya mezani katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na mkutano ule, uitwao Gen Con, ukakua hata ukahamia Milwaukee, kisha Indianapolis mwaka 2003, na leo watu huuendea kutoka nchi za mbali. Waingereza nao, ambao mwandishi wao H. G. Wells aliwatungia kanuni za vita vya wanasesere katika kitabu alichokitoa mwaka 1913, huenda mashindanoni Nottingham wakiwa wamebeba majeshi yao kwa mikono: vijisanamu vya plastiki au vya madini, kila kimoja kimepakwa rangi kwa brashi nyembamba, vimelazwa katika masanduku yenye sifongo ili upanga usivunjike wala bendera isichubuke. Mtu wa namna hiyo husafiri na mzigo uliomla miezi ya kazi, na hofu yake kubwa njiani ni kwamba sanduku litaanguka. Kwa hiyo masafa yake hupimwa pia kwa mzigo: atakwenda mbali kwa gari lake mwenyewe, lakini akitakiwa kupanda ndege, hufikiri mara mbili.

Mcheza bao wa Msambweni hana mzigo huo abadan. Jeshi lake liko Lamu tayari, likimngojea, nalo ni lile lile aliloliacha nyumbani. Hilo ndilo jambo la kwanza linalorahisisha safari yake, na chanzo chake ni kwamba bao la Kiswahili limeshikamana kwa kanuni katika eneo pana la kustaajabisha: safu nne za mashimo manane manane, kila mchezaji ana kete 32, kumi zimekwisha pangwa ubaoni, sita katika shimo kuu liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata, na 22 zimebaki mkononi kwa ajili ya namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja. Hata kete zenyewe ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe uotao ufukweni, ambazo bahari huzichukua na kuzitupa pwani yoyote. Mtu wa Gazi akikaa mbele ya ubao wa Lamu, kidole chake kinajua pa kwenda. Yanayohitaji kuafikiwa kabla ya kuanza ni machache: namna ya kutakasia (kumfungia mpinzani shimo kwa zamu moja), hukumu ya nyumba inapobaki peke yake safu ya mbele, na lile sharti la mtaji (hatua ya pili, kete za mkononi zikiisha) kwamba shimo lililozidi kete 15 haliwezi kuanzisha kula. Maneno matano au sita, na vita vimeanza.

Walakini wepesi wa mzigo haufupishi njia. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni takriban kilomita 50. Hapo zamani hapakuwa na hila ila feri, na hata leo, ingawa barabara ya Dongo Kundu imewafungulia wenye magari mlango wa kutokea Miritini, msafiri wa matatu aghalabu bado huvuka Likoni kwa miguu, akiwa amebanwa baina ya baiskeli na matenga ya embe. Kisha Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120, na kutoka Malindi hadi Mokowe, kilomita 220 na ushei, ndipo apande boti avuke mkono wa bahari aingie Lamu. Wazee walioifanya safari hiyo kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 walivuka maji mara nne: Likoni, Kilifi, mto Tana pale Garsen palipokuwa na pantoni, na Mokowe, na mvua za masika zikizidi, Tana ilifurika na njia ikafungwa, msafiri akakaa Garsen akihesabu siku za mashindano zinavyompita. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, huko huko kaunti ya Lamu, Juni 2014 likaja zito jingine, mabasi yakawa yakisindikizwa na askari, na aliyechelewa msafara hakuwa na budi kungoja mwingine. Nayataja haya kwa sababu mtu akiambiwa kwamba fulani alitoka Kwale akaenda kucheza bao Lamu, hudhani ni matembezi. Kumbe ni safari inayotaka azma.

Basi imewezekanaje, tena kwa watu ambao wengi wao ni wavuvi, mafundi seremala, wakulima wa minazi na korosho, wasio na posho wala mdhamini? Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba safari ya bao imepandishwa juu ya safari nyingine. Maulidi ya Lamu, yaliyosimikwa na Habib Saleh wa Msikiti wa Riyadha, na ambayo husomwa mwishoni mwa Mfungo Sita, huvuta watu kutoka pwani nzima. Na pembeni ya maulidi yenyewe pakawekwa mashindano: mbio za punda, mashindano ya mashua, kuogelea, hati za Kiarabu, na bao. Mtu wa Vanga au wa Shirazi anayekwenda maulidini amekwisha kupata ruhusa ya nyumbani, amekwisha kupata wenziwe wa kuchangia nauli, na akifika atapata pa kulala, kwa jamaa au kwa jamaa wa jamaa, maana mgeni wa maulidi hafukuzwi. Yaliyo ghali katika safari yoyote ya mchezo ni malazi na siku za kazi zinazopotea zaidi kuliko nauli, na haya mawili tayari yamelipwa na ibada na undugu. Bao linasafiri ndani ya mkoba wa maulidi. Hao wa Indianapolis hulipia chumba cha hoteli kila usiku. Wetu hulipia kwa kuwasalimia wazee.

Lakini mpango huo una udhia wake, nao uko katika kalenda. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka wa jua, kwa hiyo Mfungo Sita hautui pamoja na msimu mmoja. Mwaka 2003 ulikuwa Mei, katikati ya masika na kusi kikivuma, bahari imechafuka na njia zimeloa. Mwaka 2014 ukaangukia Januari, kaskazi kimetulia na njia ni kavu. Mwaka 2024 ulikuwa Septemba. Mvuvi wa Msambweni ambaye safari ilimwia nyepesi wakati wa kusi, kwa kuwa chombo chake kimepandishwa pwani na hana kazi, miaka kumi baadaye anaona kwamba maulidi yamemkuta katika kaskazi, siku za kuvua, na kila siku anayokaa Lamu ni samaki asiowavua. Hivyo basi wachezaji wanaokwenda hubadilika kwa mzunguko mrefu, na anayewatazama mwaka mmoja tu akahukumu kwamba watu wa kusini wamepoa hawalipendi tena bao, amehukumu kwa haraka. Sherehe ya Utamaduni ya Lamu, ambayo huwa Novemba, ni rahisi kuipanga kwa kalenda ya jua, lakini haina ule ukarimu wa maulidi wa kumkaribisha kila ajaye; kwa hiyo kila moja ina watu wake.

Sasa niulize alipwacho msafiri. Zawadi haiwezi kuwa sababu, maana hata ikiwa nono haifidii siku zile. Anachokifuata ni mtu asiyemjua mkono. Wachezaji wa baraza moja wamekwisha kusomana: huyu hupenda kuilaza nyumba mapema, yule hukimbilia kichwa cha kushoto (shimo la ukingoni la safu ya mbele), na mchezo unakuwa wa kukumbuka badala ya kufikiri. Chukua hali moja. Mko katika namua, unakula, na kete yako ya mwisho inaangukia katika nyumba yako, shimo la nne kutoka mkono wako wa kulia, ambayo sasa imelimbikiza kete 12. Shimo la mpinzani linaloikabili ni tupu, hapana cha kula. Una hiari ya kulala hapo, yaani kukomea, akiba ikabaki, au kusafiri nazo zote, yaani kuzisambaza. Ukiwa unakwenda kulia, kete tatu zitamaliza safu ya mbele, nane zitajaza safu ya nyuma, na ya kumi na mbili itatua kichwani kushoto, safu ya mbele, ambako pengine utakula tena na kuendelea. Ukiwa unakwenda kushoto, nne ziko mbele na nane nyuma, na ya mwisho inaangukia shimo la mwisho la nyuma, usipoweza kula kitu. Kukiwa na kete humo utaendelea kusambaza, kukiwa tupu umelala, na nyumba yako umeivunja bure. Hesabu hiyo sharti ifanywe kwa jicho, maana kete hazishikwi ili zihesabiwe. Mbele ya mtu wa nyumbani unajua kama atakuadhibu. Mbele ya bwana wa Lamu hujui, nawe unalazimika kuitazama tena nyumba yako kwa macho mapya. Kwa elimu ya namna hiyo mtu husafiri. Si wenyeji tu: Alex de Voogt, mtaalamu wa Kiholanzi, alitoka Leiden akaenda Unguja kuwasoma mafundi wa bao, na tasnifu yake juu ya umahiri wao ikatoka mwaka 1995.

Ndipo ninaposikitika kwa dhati juu ya namna ya kupanga mashindano. Pale yanapoendeshwa kwa mtoano, mtu aliyekata kilomita 400 aweza kufungwa bao la kwanza na akawa mtazamaji kabla kivuli hakijageuka. Fikiri wachezaji 32: kwa mtoano huchezwa mabao 31 tu, na nusu ya watu, 16, hucheza moja wakaondoka. Wapenzi wa vita vya mezani huko ng'ambo walikwisha kulitatua hili kwa kuazima mfumo wa Uswisi wa wacheza sataranji, uliotumiwa kwanza Zürich mwaka 1895: hakuna atolewaye, kila raundi mwenye ushindi hukutanishwa na mwenye ushindi, aliyefungwa na aliyefungwa, na watu wale wale 32 kwa raundi tano hucheza mabao 80, kila mmoja matano, na mwisho wake bingwa anajulikana vile vile. Fauka ya hayo, kadiri raundi zinavyokwenda, kila mtu hukutana na wa kiwango chake, jambo ambalo ndilo hasa alilolifuata. Huko Uingereza na Marekani mtu husafiri siku nzima kwa sababu ana yakini kuwa atacheza raundi zote; yakini hiyo ina thamani kuliko kikombe.

Kinachowaokoa wetu ni baraza. Mashindano yakiisha mchana, usiku wa Lamu mabao hutandazwa vichochoroni, na aliyetolewa asubuhi huketi na mabingwa hata saa sita za usiku, ingawa huko nako desturi ni kwamba aliyefungwa huinuka akampisha mwingine. Mtu akirudi Kwale akaulizwa alichokivuna, atasimulia mabao ya baraza, si ya jukwaani.

Kusini kwetu nako kuna njia ambayo haitazamwi vya kutosha. Kutoka Msambweni hadi mpakani Lunga Lunga ni kama kilomita 50, na Horohoro hadi Tanga ni takriban 65 za lami. Kwa hiyo Tanga iko karibu nasi mara tatu kuliko Lamu, na ng'ambo ya Tanga kuna Pemba na Unguja, ambako bao lina mafundi wake. Kizuizi ni hati ya kusafiria na kukosekana kwa tarehe inayojulikana, wala si masafa. Madhali hali ni hiyo, naona ni haki Kwale nayo iwe mwenyeji badala ya kuwa msafiri daima: mabao 16 yaazimwe kutoka baraza za Ukunda, Gazi, Msambweni na Vanga, tarehe itajwe kwa kalenda ya jua, mwishoni mwa Septemba, kusi kinapolegea na kabla mvua za vuli hazijaanza, raundi tano kwa siku mbili, anayeanza akibadilishwa kila raundi kwa kuwa mwanzo una faida yake, na hukumu ya nyumba na ya kutakasia iandikwe ukutani mapema, ili mgeni wa Tanga na mgeni wa Lamu waikute imekwisha kuamuliwa kabla hawajaketi.