Vitabu gani tuwape watoto wakati wa vakansi kubwa?

Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa saba, masomo ya msingi katika Kongo yanafungwa, na watoto wanabaki nyumbani mpaka mwezi wa tisa. Ni kiangazi: wengine wanapiga matofali pamoja na baba zao, wengine wanachunga mbuzi, wengine wanazunguka tu barabarani. Mwezi wa tisa mwalimu anawakuta wanasoma kwa kusitasita kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kwa hiyo mapadri na makatekista kadha wa kadha wameanza kuazimisha vitabu vya parokia, na waseminari walio nyumbani wanaombwa kusaidia. Kazi hiyo ni njema. Lakini, ndugu wasomaji, niruhusiwe kuuliza: vitabu hivyo, nani amevichagua?

Mara nyingi hakuna aliyevichagua. Sanduku limefika kutoka Ulaya, limefunguliwa, vitabu vimepangwa kabatini, basi. Na ndani ya sanduku, karibu siku zote, kuna Tintin.

Watoto wanampenda Tintin, wala si ajabu. Picha ni safi, mambo yanakwenda mbio, na hata asiyejua Kifransa vizuri anafuata hadithi. Sisemi tumkatae katika vitabu vyake vyote. Nasema juu ya kimoja tu, «Tintin au Congo». Hergé alikianza mwaka 1930 katika gazeti la watoto lililotolewa na gazeti la Kikatoliki la Bruxelles, na yeye mwenyewe alikuwa hajafika Kongo hata siku moja. Yatupasa kukumbuka kwamba kitabu hiki kilitoka nyumbani mwetu, si kwa adui za Eklezya.

Tazameni mambo yaliyomo. Gari la Tintin linasimama juu ya reli, treni inaligonga na kuanguka. Kisha Tintin anawaamuru abiria wafanye kazi, na mbwa wake anawaita wavivu. Mbwa! Mwishoni watu wa kijiji wanapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin na ya mbwa huyo. Katika kitabu cha kwanza Tintin anaingia darasani mwa misioni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946, kitabu kilipochorwa upya kwa rangi, somo hilo likageuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Somo likabadilika, lakini watoto walioketi kwenye benchi, wenye midomo minene na macho ya mshangao, hawakubadilika. Mkongomani mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki kitabu hiki Bruxelles mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ikakataa ombi lake.

Wengine watasema: watoto wetu wanacheka tu, na Kinshasa mafundi wanachonga Tintin wa mti na kumwuza. Ni kweli. Lakini mchongaji ni mtu mzima anayejua anauza nini. Mtoto wa kalasi ya tatu, anayesoma peke yake chini ya mwembe, hana wa kumwambia kwamba yule wa pichani siye babu yake. Mimi singekichoma kitabu hiki. Ningekitoa katika kabati la wadogo na kumpa mwalimu wa kalasi ya sita, akisome pamoja nao na kuwauliza: nani alichora picha hizi, na alitaka tuamini nini?

Ubaya wa pili ni kinyume cha huo, nao ni wetu sisi mapadri. Tunaogopa, tukajaza kabati maisha ya watakatifu yaliyoandikwa kama ripoti ya mwaka: alizaliwa, alisali, aliteswa, alikufa. Mtakatifu aliyekuwa na njaa, na hasira, na rafiki aliyemchekesha, huyo mtoto atamfuata mpaka ukurasa wa mwisho. Wale wengine atawarudisha kesho yake, safi kabisa.

Basi, tutoe nini? Nitaje viwili.

Cha kwanza ni «La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre», kilichotungwa mwaka 1953 na Léopold Sédar Senghor pamoja na Abdoulaye Sadji, kwa ajili ya watoto wa masomo ya Afrika. Leuk ni Sungura, ndiye Kalulu wa Katanga. Wanyama wamekutana kumtafuta aliye mdogo kuliko wote, maana huyo ndiye atakayeitwa mwenye akili kupita wengine. Kila mmoja anataja umri wake. Leuk, aliyejificha mtini, anapaza sauti kwamba yeye anazaliwa sasa hivi, kisha anajitupa chini katikati yao. Mtoto wetu anaijua tabia hiyo tangu utoto, kwa mdomo wa bibi yake. Kwa hiyo Kifransa kinamwingia bila kumtisha, na sura ni fupi, zinatosha kwa jioni moja.

Katekista mmoja aliniambia: Padri, Sungura ni mwongo, tutamsifuje? Neno lake lina uzito. Lakini Fisi anadanganywa kwa sababu ya ulafi wake, na Simba kwa sababu ya kiburi chake. Mtoto anaona hayo kabla hatujamweleza. Kosa la kitabu ni jingine: mazoezi ya sarufi yanafuata nyuma ya hadithi, na wakati wa vakansi yanafaa kurukwa.

Cha pili ni cha Kiswahili: «Adili na Nduguze» cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamtupa Adili baharini kwa wivu. Wanageuzwa manyani, naye analazimishwa kuwapiga kila usiku, ingawa moyo wake unalia. Mtunzi ni Mwislamu, na hadithi ina majini. Isitutie hofu: anayefundisha habari za Yosefu na ndugu zake hatapata mfano ulio karibu zaidi. Ugumu wa kweli ni lugha. Ni Kiswahili cha pwani, na watoto wa Kalemie au Bukavu watakwama kwa maneno mengi. Kwa hiyo kisomwe kwa sauti, na mseminari au dada mkubwa, kwa kalasi ya tano na ya sita.

Sheria ya masomo ya mwaka 2014 imezipa lugha zetu za taifa nafasi katika kalasi za kwanza. Na bado, makabati mengi niliyoyaona yana Kifransa peke yake, mbali na katekisimu na kitabu cha nyimbo. Mashua zinazovuka Ziwa Tanganika kutoka Kigoma zinaleta sabuni na mabati. Zingeweza kuleta na vitabu kumi.

Neno moja kwa waazimishaji. Kabla ya kukitoa kitabu, hesabuni kurasa, na kilichochanika kishoneni kwa uzi. Mtoto aliyefika usiku mahali Adili anapotupwa majini, akakuta kurasa nane hazipo, hataki kusikia tena habari za kabati letu.