Subira ya Neno Moja: Uhakiki wa Kisa cha Kikuvi

Mtahiniwa mpendwa, swali kuhusu dhamira ya imani na matumaini huwaponza wengi. Huandika kwamba mwandishi anatufunza tuwe na subira, kisha wakatua kalamu. Ni subira ya nani? Anasubiri nini? Je, anaposubiri anafanya nini? Tuyajibu maswali haya kwa kuhakiki kisa cha kweli cha Ukambani, ambacho mwanafunzi wa Nunguni anaweza kukiita cha kwao.

Usuli

Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui. Kabla ya mwaka kwisha tangu wafike, walikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kangundo na Kilungu, yaani kwenye vilima hivi vya Nunguni. Desemba 1896 Scott alifariki. Baadhi ya wenzake walimfuata kaburini, wengine wakarejea kwao. Kisha ikazuka njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Willis Hotchkiss, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker aliyekuwa katika kundi hilo, alikieleza kisa chetu katika kitabu kilichotoka mwaka 1901.

Muhtasari

Hotchkiss alikuja kuhubiri habari za Mwokozi, lakini hakulijua neno la Kikamba la kumwitia. Alilitafuta kwa miaka miwili na nusu asilipate. Usiku mmoja, kando ya moto, msaidizi wake Kikuvi alisimulia jinsi mzungu mwingine, Krieger, alivyovamiwa na mnyama mkali, naye Kikuvi akamnusuru. Katika masimulizi hayo neno likajitokeza, tena katika kauli ya kutendwa: bwana "aliokolewa". Kutokana na kitenzi hicho Hotchkiss aliweza kusema Yesu alikuja kufanya nini. Kikuvi naye akasema kwamba sasa ameelewa alichokuwa akijaribu kuwaambia miezi yote hiyo.

Wahusika na mbinu

Wahubiri wengi humfanya Hotchkiss shujaa wa kisa hiki. Ewe msomaji, kisome tena. Aliyeokoa ni Kikuvi. Aliyeokolewa ni mzungu. Hiki ni kinaya kikubwa: aliyedhani amebeba neno ndiye aliyelipokea, na aliyekuja kufunzwa ndiye aliyefunza.

Zingatia pia mbinu ya hadithi ndani ya hadithi. Hotchkiss hakupewa neno kwa kuuliza "mnaitaje hiki?" Alilipata lilipokuwa kazini, ndani ya tukio lenye hatari na damu. Neno "mwokozi" halina uzito kwa asiyejua mtu aliokolewa kutoka wapi.

Basi subira ya Hotchkiss ilikuwa kusikiliza. Aliendelea kuketi na watu, kuzungumza nao na kuisikia lugha yao hata alipokuwa gizani. Laiti angechoka na kubuni neno lake mwenyewe, angehubiri kwa sauti kubwa bila kueleweka. Imani katika kisa hiki inazaliwa pale watu wawili wanapoelewana, na mkanganyiko ulikuwa wa wote wawili: Kikuvi pia alisubiri miezi hiyo yote kujua mgeni huyu anataka kusema nini.

Udhaifu

Kisa kinasimuliwa na upande mmoja. Sauti ya Kikuvi inatufikia kupitia kalamu ya Hotchkiss pekee. Hatuelezwi Kikuvi mwenyewe aliuona vipi ujasiri wake, wala neno hilo lilimaanisha nini kwa jirani zake waliokuwa wakisubiri mvua. Mhakiki mzuri hulitaja pengo hili bila kulijaza kwa kubuni.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, wape wanafunzi swali hili: "Subira si kulala. Thibitisha kwa kurejelea kisa cha Kikuvi." Atakayetaja subira ya Hotchkiss peke yake amejibu nusu. Atakayeonyesha kwamba tumaini lilitoka kinywani mwa Kikuvi, naye mwenyewe akaelewa kwa neno lake, huyo mpe alama zake zote.