Jicho la Pili Juu ya Sarafu

Msomaji, huko Marekani sarafu ya kale hupewa alama kama mwanafunzi, tangu 1 hata 70. Kipimo hicho kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949. Makampuni yaliyoanza kazi 1986 na 1987, PCGS na NGC, hutoa alama hizo na kuifungia sarafu katika kasha la plastiki. Mwaka 2007 likatokea shirika la CAC kuwakagua wakaguzi. Sarafu inayostahili alama yake hubandikwa karatasi ya kijani. Ipasayo kupewa zaidi, ya dhahabu. Iliyopungukiwa hurudi bila kitu.

Je, mnunuzi hufaidika? Naam, kwa kuwa alama moja hubeba mengi. Sarafu mbili zaweza kupata 65, moja kwa kubahatika, nyingine ikikaribia 66. Asiye mjuzi atazilipia sawa na kupunjika. Jicho la pili humkinga.

Lakini kinga hiyo ina dosari. Shirika hilo pia hununua sarafu zenye karatasi yake. Hakimu naye yumo sokoni. Tena, sarafu isiyobandikwa hushukiwa, hata kama haikupelekwa kukaguliwa kamwe. Na ubaya mkubwa ni huu: mtu huzoea kusoma karatasi, akaacha kuitazama sarafu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Basi ipokee karatasi ile kama neno la shahidi mwema, wala usiifanye hukumu. Hukumu ni ya macho yako, nayo hayanolewi na macho ya mwingine.