Zeppo Marx na Dhima ya Mhusika Shinda katika Filamu za Ndugu wa Marx, 1929–1933

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya Herbert Marx, aliyejulikana jukwaani kwa jina la Zeppo, katika filamu tano za mwanzo za kundi la vichekesho la ndugu wa Marx. Mara nyingi Zeppo hutajwa kama ndugu asiyechekesha, kisha mjadala ukaendelea bila yeye. Kwa kutumia dhana ya mhusika shinda, pamoja na mawazo ya Henri Bergson kuhusu kicheko, makala yanahoji kuwa utulivu wake ulikuwa sehemu ya muundo wa ucheshi wa kundi hilo, na kwamba kuondoka kwake mwaka 1934 kulibadili aina ya ucheshi wenyewe. Pamoja na hayo, makala yanabainisha kuwa umuhimu wa kimuundo haukumpa mwigizaji huyo nafasi ya kukua kisanaa, na kwamba mambo haya mawili hayana budi kutenganishwa katika uhakiki.

1.0 Utangulizi

Herbert Marx alizaliwa mjini New York tarehe 25 Februari 1901, akiwa kitindamimba wa Sam na Minnie Marx. Kaka zake wanne walikuwa Leonard (Chico), Adolph (Harpo), Julius (Groucho) na Milton (Gummo). Tofauti ya umri ni jambo la kuzingatiwa tangu mwanzo. Chico alizaliwa mwaka 1887, Harpo mwaka 1888 na Groucho mwaka 1890. Kwa hiyo Zeppo alipokuwa mtoto mdogo, kaka zake walikwishaanza kutafuta riziki katika kumbi za vodevili, yaani maonyesho mchanganyiko ya nyimbo, ngoma na vichekesho yaliyozunguka miji ya Marekani. Mama yao ndiye aliyelisimamia kundi.

Zeppo hakuingia kundini kwa kuchagua. Mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Gummo alijiunga na jeshi la Marekani na nafasi yake ikabaki wazi. Zeppo, kijana wa miaka 17, aliitwa kuijaza. Gummo ndiye aliyekuwa akicheza mtu wa kawaida miongoni mwa kaka zake, na mdogo wake alirithi kazi hiyohiyo. Kwa maneno mengine, nafasi ilikuwapo kabla ya mtu. Groucho, Harpo na Chico waliunda wahusika wao kidogo kidogo mbele ya hadhira kwa miaka mingi, ilhali Zeppo alikabidhiwa mhusika aliyekwisha kuundwa, tena aliyeundwa kwa ajili ya wengine.

Kundi hilo la watu wanne lilipata sifa katika kumbi za Broadway kwa maonyesho matatu: I'll Say She Is (1924), The Cocoanuts (1925) na Animal Crackers (1928). Mawili ya mwisho yalifanywa filamu mwaka 1929 na 1930, yakafuatiwa na Monkey Business (1931), Horse Feathers (1932) na Duck Soup (1933). Zeppo anaonekana katika zote tano.

2.0 Mhusika Shinda na Nadharia ya Kicheko

Katika uhakiki wa Kiswahili, mhusika shinda huwekwa kati ya mhusika bapa na mhusika duara. Hasimami peke yake. Hujengwa kwa kumtegemea mhusika mwingine, na kazi yake ni kumfanya huyo mwingine adhihirike. Dhana hii hutumiwa zaidi katika uchambuzi wa riwaya na tamthilia, lakini inafaa pia kuchambulia kundi la vichekesho, ambamo kila mwigizaji hupimwa kwa uhusiano wake na wenzake.

Henri Bergson, katika kitabu chake Le Rire kilichotolewa mwaka 1900, anaeleza kuwa kicheko ni tendo la kijamii, na kwamba kinachochekesha ni ukakamavu wa kimashine unaojitokeza mahali ambapo jamii hutarajia wepesi na uangalifu wa kiumbe hai. Maelezo haya yana jambo lisilosemwa waziwazi: ili ukakamavu uonekane, lazima kuwe na kipimo cha hali ya kawaida. Mara nyingi kipimo hicho huwa ni hadhira yenyewe. Katika filamu zinazochunguzwa hapa, kipimo kimewekwa pia ndani ya kundi.

Mavazi yanathibitisha hoja hiyo. Groucho ana masharubu ya kuchorwa na mwendo wa kuinama. Harpo ana nywele za bandia, honi na ububu. Chico ana kofia yenye ncha na lafudhi ya kuigiza ya Kiitaliano. Zeppo hana kinyago chochote. Anavaa suti kama mtu yeyote wa mjini. Nyuso tatu zimefichwa na moja iko wazi, na hiyo iliyo wazi ni ya ndugu yao wa damu. Hapo ndipo anapotofautiana na Margaret Dumont, mwigizaji aliyecheza mara nyingi bibi tajiri anayedhihakiwa na Groucho. Dumont ni kipimo kilicho nje ya kundi, naye hushambuliwa. Zeppo ni kipimo kilicho ndani, naye ni mshirika katika fujo ambayo yeye mwenyewe haifanyi.

3.0 Uchambuzi wa Filamu

3.1 Katibu anayehariri: Animal Crackers

Katika The Cocoanuts Zeppo ni Jamison, karani wa hoteli, na hana mengi ya kutenda. Katika Animal Crackers, filamu iliyotokana na tamthilia ya muziki ambayo maneno yake yaliandikwa na George S. Kaufman na Morrie Ryskind, yeye ni Horatio Jamison, katibu wa Kapteni Spaulding anayeigizwa na Groucho. Onyesho la kuandikishwa barua katika filamu hiyo ndilo ushahidi mkubwa zaidi wa uwezo wake.

Spaulding anamtamkia Jamison barua ya kupelekwa kwa kampuni ya mawakili ambayo jina lake ni ukoo mmoja uliorudiwa mara kadhaa. Maneno ya barua ni mlolongo wa istilahi za kisheria na vijineno vya kiofisi visivyo na maana. Anapoombwa kuisoma tena, Jamison anasoma anwani na salamu, kisha anaeleza kwa upole kuwa bosi wake alisema mambo mengi ambayo yeye aliyaona hayana umuhimu, hivyo akayaacha. Barua imebaki bila kiini. Spaulding analalamika, lakini kinachomkera zaidi ni kwamba katika jina la kampuni ukoo mmoja umerukwa. Mwishowe anaagiza zitolewe nakala za kaboni, barua halisi itupwe, nakala nazo zitupwe, na kinachotumwa kiwe stempu tu.

Onyesho hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa la Groucho. Hata hivyo, ukifuatilia ni nani anayeamua, picha inageuka. Spaulding anatoa maneno, Jamison ndiye anayeyapima. Ni yeye anayesema, bila kupandisha sauti wala kubadili uso, kwamba usemi wote wa bwana mkubwa hauna kitu. Ingawa katika filamu hizi Groucho huwashinda kwa maneno matajiri, maprofesa na mabalozi, hapa anashindwa na mwajiriwa wake. Ushindi huo unawezekana kwa sababu Jamison hachezi mchezo wa Groucho. Angejibu dhihaka kwa dhihaka, yangekuwa majibizano ya kawaida ya vichekesho. Anajibu kwa utaratibu wa kiofisi, na utaratibu huo ndio unaofichua upuuzi. Kwa mtazamo wa Bergson, usemi wa kimashine wa Spaulding unakutana na mtu pekee anayetumia uangalifu, na kicheko huzaliwa katika mkutano huo.

3.2 Wimbo unaoimbwa sawasawa: Horse Feathers

Katika Horse Feathers, iliyoongozwa na Norman McLeod, Groucho ni Profesa Wagstaff, mkuu mpya wa Chuo cha Huxley, na Zeppo ni mwanawe Frank, mwanafunzi wa chuo hicho. Kwamba kaka aliyemzidi mdogo wake kwa miaka 10 anacheza baba yake ni mzaha tosha. Muundo wa filamu unaonekana wazi zaidi katika wimbo mmoja unaorudiwa na ndugu wote wanne wakimwelekea mwanamke yuleyule, Connie Bailey, anayeigizwa na Thelma Todd.

Zeppo ndiye wa kwanza. Anauimba kama wimbo wa mapenzi ulivyo, kwa sauti safi na bila kejeli. Baadaye Chico anaupigia piano, Harpo anautoa kwenye kinubi, na Groucho anauimba kwa gita ndani ya mtumbwi, maneno yake yakiwa ya kuyatilia shaka mapenzi yenyewe. Waswahili husema mchele mmoja mapishi mbalimbali, lakini ni sharti kwanza mchele ujulikane ni mchele. Bila uimbaji wa Zeppo, matoleo matatu yanayofuata yangekuwa nyimbo tatu za ajabu zisizo na asili. Dhihaka huhitaji matini inayodhihakiwa, na Zeppo ndiye anayeiweka matini hiyo mbele ya hadhira, kwa uzuri unaofanya upotoshaji wake ufurahishe.

3.3 Mipaka ya nafasi: Monkey Business na Duck Soup

Uchambuzi wa haki unapaswa kukiri pale ambapo nafasi hii inadhoofika. Katika Monkey Business ndugu wote wanne ni wazamiaji ndani ya meli, wakijificha mapipani. Zeppo anapewa mkondo wa mapenzi na binti wa jambazi aliyestaafu, na mwishoni anapigana ndani ya banda ili kumwokoa. Wakati anapigana, Groucho anautangaza ugomvi huo kama mtangazaji wa michezo. Shujaa anafanya kazi yote, lakini masikio ya hadhira yako kwa anayemcheka shujaa. Filamu inahitaji tendo la Zeppo lifanikiwe, na papo hapo inahitaji lisichukuliwe kwa uzito.

Katika Duck Soup, iliyoongozwa na Leo McCarey, hali ni mbaya zaidi. Zeppo ni Bob Roland, katibu wa Rais Firefly wa nchi ya kubuni ya Freedonia. Anatangulia kuimba habari za ujio wa rais, kisha kadiri hadithi inavyosonga anazidi kufifia. Hakuna onyesho linalolingana na lile la barua. Filamu inayosifiwa na wengi kuwa kilele cha kundi ndiyo inayompa Zeppo nafasi finyu. Hapa mhusika shinda amekaribia kuwa bapa, na lawama haiwezi kuwekwa juu ya mwigizaji, kwa kuwa hakuandikiwa jambo la kutenda.

4.0 Kundi Baada ya Zeppo

Zeppo aliliacha kundi mwaka 1934. Athari za uamuzi huo zinaweza kupimwa kwa kulinganisha Duck Soup na A Night at the Opera (1935), filamu ya kwanza ya ndugu watatu, iliyotengenezwa chini ya Irving Thalberg wa kampuni ya MGM. Mkondo wa mapenzi sasa umepewa Allan Jones, mwimbaji asiye wa ukoo huo, ambaye pia alirudi katika A Day at the Races (1937). Groucho, Harpo na Chico wanakuwa wasaidizi wa wapenzi wawili wema, na fujo yao inaelekezwa dhidi ya wanaowaonea wapenzi hao.

Badiliko hili kwa kawaida huelezwa kuwa ni matokeo ya falsafa ya Thalberg, aliyetaka hadithi yenye mshikamano. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshelezi. Mtu wa kawaida alipokuwa ndugu, fujo haikuhitaji kujitetea, maana hata mwenye akili timamu alikuwa upande wake na hakuuliza sababu. Mtu wa kawaida alipokuwa mgeni, fujo ilipaswa kuonyesha kuwa ina manufaa kwake. Nusu ya kazi ya Zeppo, yaani uimbaji na mapenzi, ilipata mrithi. Nusu nyingine, ile ya katibu mtulivu anayeujua upuuzi wa bwana wake na bado akamtumikia, haikupata mrithi katika filamu hizo mbili.

5.0 Maisha Nje ya Jukwaa na Tatizo la Masimulizi

Baada ya kuacha uigizaji, Zeppo alikuwa wakala wa wasanii, akishirikiana na Gummo, na miongoni mwa shughuli za ofisi hiyo ilikuwa kuwatafutia kazi kaka zao walewale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa na kiwanda, Marman Products, kilichotengeneza vibanio vya chuma. Kibanio chenye jina hilo kimeendelea kutumiwa katika ndege na vyombo vya anga. Mwaka 1969 alipata hataza ya kifaa cha kuvaliwa mkononi cha kufuatilia mapigo ya moyo. Alifariki tarehe 30 Novemba 1979, akiwa wa mwisho kati ya ndugu wote watano.

Wasifu huu huvutia kusimuliwa kama hadithi ya kulipiza: aliyedharauliwa jukwaani akatajirika kiwandani. Uhakiki unapaswa kuiepuka tafsiri hiyo, kwani inakubali kimyakimya kuwa kazi yake ya sanaa haikuwa na thamani, kisha inamfidia kwa thamani ya fedha. Tatizo la msingi ni la vyanzo. Groucho alichapisha tawasifu yake mwaka 1959 na Harpo mwaka 1961. Zeppo hakuandika yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachojulikana kumhusu kimepita katika sauti za kaka waliozoea kumtania. Masimulizi hayohayo, hata hivyo, yanashikilia kuwa Groucho alipougua, Zeppo alivaa masharubu yake na kuwachekesha watazamaji barabara. Ikiwa ni hivyo, basi utulivu wake katika filamu haukuwa upungufu wa kipaji. Ulikuwa mgawanyo wa kazi.

6.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kuwa Zeppo Marx alitimiza dhima tatu katika filamu za 1929 hadi 1933: alikuwa kipimo cha hali ya kawaida ndani ya kundi, aliweka matini ambayo wengine waliidhihaki, na katika onyesho moja la barua aliugeuza utulivu kuwa silaha ya ucheshi. Pia imeonekana kuwa waandishi na waongozaji hawakuiendeleza dhima hiyo, na hadi Duck Soup ilikuwa imebaki jina na suti.

Kutokana na hayo, kipimo cha nani anachekesha zaidi hakifai kutumiwa peke yake katika kutathmini kundi la vichekesho. Swali lenye tija zaidi ni nini hukoma kuchekesha mtu fulani anapoondolewa. Kwa Zeppo jibu limo katika filamu zenyewe, na linadai asomwe upya. Halimlipi fidia mtu aliyekaa miaka 16 katika nafasi aliyoachiwa na kaka yake, akaondoka humo akiwa na umri wa miaka 33.