Kolwezi Iliyopigwa Picha Guyane: Nani Anatuchezea mu Sinema?



Leo sileti habari ya kazi wala ya mikutano. Nataka tuongee juu ya sinema, juu mwezi uliopita filme moja ilikaribia kutugombanisha hapa kwetu Kasaji, na mpaka leo iko inanizunguka mu kichwa.

Kasaji haina nyumba ya sinema, hilo mnajua. Filme inatoka Kolwezi ama Lubumbashi ndani ya flash, inapita telefone kwa telefone, na siku ya yenga mwenye paneli ya jua na televizio anatuita kwake. Siku ile tulikuwa kumi na wawili hivi, karibu wote tumetoka iniversite, nusu hatuna kazi. Filme ilikuwa La légion saute sur Kolwezi ya Raoul Coutard, iliyotoka mwaka 1980. Ni hadithi ya mwezi wa tano 1978: wapiganaji wa FNLC wanakamata Kolwezi, Wazungu wanafungiwa mu nyumba zao, tarehe 19 askari wa Légion wa Ufaransa wanaruka na parashuti.

Nyuma yetu alikuwa amekaa baba mmoja mzee, aliyefanya kazi ya treni maisha yake yote. Aliangalia dakika kumi, akasema: "Hapa si Kolwezi."

Tukamwambia, Papa, wameandika Kolwezi.

"Kuandika, wameandika. Lakini mi nilikuwa Kolwezi mwezi wa tano. Ile majani iko mubichi sana."

Tulicheka. Halafu mmoja wetu akatafuta habari, na tukanyamaza: mzee alisema kweli. Filme ile ilipigwa Guyane ya Ufaransa, ku Amerika ya Kusini. Kule ni pori la mvua nyingi na joto la bahari. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400, inchi ya miombo na majani marefu, na mwezi wa tano mvua imekwisha, majani inaanza kukauka, asubuhi unavaa tricot. Mtu wa Paris hawezi kuona tofauti. Mzee wa treni aliiona mu dakika kumi.

Pale njo mabishano yalianza. Rafiki mmoja aliyesoma droit akasema hiyo ni kitu kidogo, sinema yote ni kudanganya, hata Wakanda ya Black Panther haiko, na tuliipenda. Mwingine akapanda juu: "Wakanda haikuumiza mtu. Hapa batu balikufa. Banacheza vita yetu ku inchi ya benyewe!"

Mi nilikaa kati ya wale wawili, na ninaandika leo kwa sababu sikupata jibu siku ile. Sasa ninaona jibu kidogo. Acheni nipime filme tano mbele yenu.

Nianze na hii ya Coutard. Huyu si fundi mubaya. Alipiga picha za Vita vya Indochine, halafu akawa mpiga picha wa Godard ku À bout de souffle. Mwaka 1970 filme yake Hoa Binh ilipewa tuzo Cannes. Anajua vita, anajua kamera. Lakini soma majina makubwa ya filme yake: Bruno Cremer, Jacques Perrin, Giuliano Gemma, Mimsy Farmer, Laurent Malet. Tafuta pale jina moja la mtu wa Kolwezi. Hakuna. Mji unabeba jina la filme, lakini wenye mji hawana jina ndani yake. Mi naona majani mabichi si kosa lenyewe. Ni alama ya kosa. Mtu asiyejali kama miti inafanana na miti yetu, hatajali pia kama sisi tunafanana na sisi.

Tena kuna kitu filme haikugusa hata kidogo. Kabla ya 1978 kulikuwa 1977. Mwezi wa tatu mwaka ule, wapiganaji wale walitoka Angola, wakaingia kwa upande wa Dilolo, wakafuata njia ya treni: Kasaji, Mutshatsha. Zaïre ilirudisha eneo letu kwa msaada wa askari wa Moroko, mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Vita ile ilipita hapa ninapoandika. Sijui filme hata moja inayoionyesha, na mu shule hatukufundishwa hata ukurasa mmoja. Tulijua tarehe za Napoléon.

Filme ya pili: The Siege of Jadotville, ya Richie Smyth, ilitoka Netflix mwaka 2016. Jadotville ni Likasi. Hadithi ni ya mwezi wa tisa 1961: askari wa Irlande zaidi ya 150, waliotumwa na ONU, wanazungukwa na askari wa Katanga pamoja na Wazungu wa kukodishwa, wanapigana siku kadhaa, risasi na maji vinakwisha, wanajitoa. Jamie Dornan anacheza komanda wao, Pat Quinlan. Na hii pia haikupigwa kwetu. Ilipigwa Afrika Kusini.

Hapa nataka kuwa mtu wa haki. Kwa watu wa Irlande, filme ile ilifanya kazi kubwa. Wale askari walirudi kwao wakahesabiwa waoga, miaka mingi, kumbe hakuna hata mmoja aliyekufa mu mapigano yale juu walikuwa na mkubwa mwenye akili. Filme ilisaidia kurudisha heshima ya wazee wale. Ni vizuri. Lakini angalieni upande mwingine wa bunduki. Watu wa Katanga wanakuja mbio, wanaanguka, wengine wanakuja, wanaanguka. Hakuna anayeongea na rafiki yake kabla ya kufa. Hakuna anayeogopa. Na mama wa Likasi, yule anayeuza soko, siku zile zote alijificha wapi? Filme haiulizi.

Tshombe anachezwa na Danny Sapani, Mwingereza mzaliwa wa London mwenye asili ya Ghana. Vijana walimtambua mara moja: "Huyu njo mzee wa Wakanda!" Kweli, ni yeye, yuko kati ya wazee wa makabila ndani ya Black Panther ya 2018. Tulicheka sana. Lakini dada mmoja kati yetu, mtu wa Kapanga, hakucheka. Tshombe alizaliwa Musumba, kwao. Akasema: "Kama mu macho yao mzee wa Wakanda na Tshombe ni mtu moja, basi hawakututafuta sisi. Walitafuta mtu mweusi mwenye kuvaa vizuri."

Neno lile lilinikamata. Nilitaka kusema ndiyo, imekwisha: filme ya kwetu ichezwe na watu wa kwetu, ku udongo wa kwetu, bila hivyo tusiiangalie. Ni kanuni rahisi, inapendeza. Shida yake ni filme ya tatu.

Lumumba ya Raoul Peck, mwaka 2000. Peck ni mtu wa Haïti, ingawa mu utoto aliishi Congo na wazazi wake. Anayemcheza Lumumba ni Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye wazazi wa Cameroun. Ilipigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji, juu kwetu kulikuwa vita. Kwa kanuni yangu, filme hii ingeanguka kwanza. Na ni ile njo inaniuma kuliko zote.

Inaanza usiku, mu Katanga, Wazungu wawili wanaharibu miili ya waliouawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, ili isipatikane kitu cha kuzika. Kisha filme inarudi nyuma, na Lumumba anaanza kuishi. Anaongea, anakasirika, anachelewa kuelewa, anakosea. Kasa-Vubu ana sababu zake, Mobutu ana sababu zake. Hakuna mtu mweusi aliyewekwa pale kujaza nafasi. Beira haifanani na kwetu, mzee wa treni angeiona mara moja, lakini mi sikuwa na wakati wa kuangalia majani. Nilikuwa ninaangalia mtu anayefikiri.

Kwa hiyo paspoti ya aktere si kipimo. Ninasema hivyo nikijua kuna jambo gumu zaidi. Augure ya Baloji, mwaka 2023: Baloji alizaliwa Lubumbashi, filme yake ilipata tuzo Cannes mu sehemu ya Un Certain Regard, na Ubelgiji iliituma ku Oscar. Ni hadithi ya watu wanaoitwa walozi na jamaa zao, na ndani yake Kiswahili kinasikika. Lakini Tshala, dada wa Koffi, anachezwa na Eliane Umuhire, na Umuhire ni Munyarwanda. Mnajua neno hilo linapokelewa namna gani kwetu siku hizi, na sitafanya kama maumivu ya ndugu zetu wa Goma na Bukavu ni mchezo. Kijana mmoja alisimama, akatoka nje. Sikumlaumu. Lakini nilibaki, nikaangalia, na nikaona Tshala: dada aliyechoka na maneno ya familia, anayetaka maisha yake mwenyewe. Nina dada wa namna ile kwetu. Umuhire alifanya kazi yake. Yule kijana alirudi mwisho, akauliza filme ilimalizika namna gani. Ni yote aliyosema.

Ya tano ni Makala, ya Emmanuel Gras, Mfaransa, mwaka 2017. Hii haina aktere. Kabwita Kasongo ni mtu wa kweli, wa kijiji upande wa Kolwezi. Anakata muti mkubwa, anachoma makala, anapakia magunia ku kinga mpaka kinga yenyewe haionekani, anaisukuma karibu kilometa 50 mpaka Kolwezi kuuza. Anaota kujenga nyumba na kuipaka mabati. Basi. Ilishinda tuzo kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes.

Hapa njo tuligombana kabisa. Mmoja akasema: "Hii ni sinema gani? Toka nje, utaona kumi kama yeye, bule." Dada wa Kapanga akasema Wazungu wanatupenda tu tukisukuma. Na mimi nina neno langu: kuna mahali Gras anaweka muziki wa violoncelle juu ya mtu anayesukuma. Ni muziki mzuri, lakini unatuambia tuhurumie. Mimi nimesukuma kinga yenye magunia nikiwa mtoto. Sauti yake ni gurudumu linalolia, pumzi yako, na lori linalopita karibu sana na kukuacha mu vumbi. Mahali Gras anapoacha sauti ile peke yake, hakuna mu nyumba aliyeongea.

Halafu Kabwita akafika soko, na wanunuzi wakaanza kubishana bei. Kiswahili chetu, cha hapa, si cha redio wala cha Dar es Salaam. Mama mmoja mu chumba chetu akajibu televizio: "Usikubali! Hiyo bei ni kidogo!" Kwa Coutard hakuna aliyejibu televizio. Kwa Jadotville pia hapana.

Sasa ninaweza kumjibu rafiki yangu wa droit. Ndiyo, sinema ni kudanganya. Studio itaenda Afrika Kusini juu kule kuna vifaa, barabara, bima, na serikali inarudishia waproduzi sehemu ya pesa yao. Hawatakuja Kolwezi kwa kutuhurumia. Ninachouliza filme yoyote ni hiki: mtu wa kwetu ndani yake, anataka nini? Kama hataki kitu, kama anakuja tu kuanguka, basi hata ukimpiga picha hapa hapa Kasaji na mtoto wa Kasaji, umepiga picha ya miti. Kabwita anataka mabati. Tshala anataka kuwa huru. Lumumba wa Peck anataka inchi nzima. Askari wa Katanga mbele ya Jadotville alitaka nini? Hakuna aliyemuuliza, na wengi wao wamekwisha kufa.

Kobalti inayochimbwa kwetu ni zaidi ya nusu ya ile ya dunia yote, na iko ndani ya betri ya telefone unayosomea maneno haya. Telefone ile ina kamera. Baada ya filme, mzee wa treni alianza kuhadithia 1977: siku treni haikufika, siku watu walilala porini upande wa mto, nani alirudi na nani hakurudi. Aliongea karibu saa moja. Tulikuwa kumi na wawili, kila mtu na telefone mu mfuko, na hakuna aliyerekodi. Tulikuwa tunabishana juu ya Danny Sapani.

Nimepanga kurudi kwake siku ya yenga. Atakayekuja na mimi aje na betri imejaa. Na nyinyi wa Dilolo, Mutshatsha, Kapanga, Likasi: kwenu ni nani alikuwa pale, na yuko hai? Na kama unaona nimekosea juu ya Makala, andika. Tugombane vizuri.